Mtani Aliyekataa Kutoka Kaburini

Mihayo alipojitupa kaburini watu walicheka, na hakuna aliyeona ajabu. Shimo lilikuwa tayari, jeneza limewekwa pembeni juu ya magogo mawili, na mtani anayejua kazi yake haachi kaburi likae tupu.

"Mmechimba fupi," sauti yake ilitoka chini. "Mgogo huyu miguu itabaki nje. Nizikeni mimi, mimi linanitosha."

"Lala vizuri basi," Kalunde akamjibu kutoka juu. "Usije ukamkalia marehemu kifuani, hakuwa na kifua cha kukalia."

Watu wakaangua kicheko. Kalunde alikuwa mpishi wa kambi, mwanamke mpana, Mnyamwezi wa Sikonge, na tangu asubuhi alikuwa amevaa koti na kofia ya marehemu. Alitembea akichechemea kama marehemu, akakohoa kikohozi cha marehemu, akamwendea mjane na kumuuliza kama ugali wake umewekwa au watu wameshaugawana. Mjane alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kamasi na machozi, hajui afute kipi. Ndiyo kazi ya watani. Mzee Ndahani alikuwa Mgogo, na katika Kambi ya Vioo Mgogo hazikwi mpaka Wanyamwezi wamharibie mazishi kwanza.

Sechelela alisimama kichwani mwa kaburi pamoja na wafiwa. Marehemu alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, naye ndiye aliyemlea. Mkononi alivaa kisanduku cha kazi, chini ya khanga, maana mwangalizi wa Sikio hana siku ya kukivua hata akifiwa. Kilishatikisika mara mbili tangu wafike makaburini. Mara ya kwanza ilikuwa Kalunde, akizungumza kwa sauti ya maiti. Mara ya pili ilikuwa kijana mmoja aliyejigaragaza vumbini akidai azikwe na mjomba wake wa kuazima. Sechelela alifuta zote mbili bila kutazama, kama mtu anayefukuza nzi.

Kikatikisika tena. Akaingiza kidole gumba chini ya khanga ili afute.

*

Sikio lilikuwa kila mahali katika nyanda zile, kuanzia Bahi mpaka ng'ambo ya Manyoni. Lilikuwa juu ya mlango wa kila nyumba, kwenye bomba la maji, kwenye nguzo za vioo vile vikubwa vinavyokusanya jua na kulipeleka mnarani. Maneno halikuyajali sana. Lilipima pumzi. Lilipima mtu anakaa kimya kiasi gani kati ya neno na neno, sauti yake inapanda wapi na kudondoka wapi, kisha likailinganisha na sauti ya mtu yule yule ya mwaka uliopita.

Lilitundikwa baada ya ile hesabu kubwa. Hesabu ilisema katika kila watu wanne wa nyanda za kati, mmoja anaugua akilini: huyu ana huzuni isiyokwisha, yule ana hofu hata ya mlango kugongwa, mwingine anaitwa na watu wasioonekana. Wananchi walishtuka. Wakubwa walishtuka zaidi, kwa sababu kwa umati wote huo kulikuwa na madaktari wawili tu wa kazi hiyo. Kumsomesha daktari ni miaka. Kutundika Sikio kulichukua kiangazi kimoja.

Basi ikawa hivi. Sikio likimsikia mtu anayeugua, kisanduku cha mwangalizi kinatikisika na kuwasha taa ya manjano yenye jina. Mwangalizi ana muda mfupi wa kufuta, kama anajua Sikio limekosea. Asipofuta, manjano inageuka nyekundu, na kule Kituoni Machela inaruka. Machela ni kitanda chenye mabawa, hakina rubani, na kipo kimoja kwa kanda nzima. Kinamfuata mwenye jina popote alipo, kinamnyanyua. Kituoni anatiwa uzi nyuma ya sikio, mwembamba kuliko unywele, unaopenya kichwani na kunyoosha kilichopinda. Wenyewe waliuita tiba. Watu waliita kushonwa.

Na tusiwaonee: walioshonwa hawakufa. Wapo. Wanalala usiku, wanaamka, wanakwenda kazini kwa wakati. Mbeleje, kaka yake Sechelela, alishonwa, na siku ile alikuwa pale pale makaburini, kashika koleo, macho makavu, akingoja kuambiwa afukie.

Mwaka wa kwanza wa Sikio, Machela ilishuka kwenye mazishi na kumnyanyua mtani aliyekuwa akiigiza marehemu. Alikuwa mzima kabisa. Aliporudi ameshonwa, ukimtukana alikutazama na kukuuliza kwa upole amekukosea nini. Tangu hapo waangalizi wakapatana wao kwa wao, bila amri ya mtu: taa ya msibani inafutwa. Hakuna kuuliza, hakuna kusikiliza. Sikio haliujui utani, nao waliujua, wakaona wamelizidi akili.

Walichokuwa hawajafikiri ni kwamba wagonjwa nao walikuwa wanajua hivyo.

*

"Mpwa wa marehemu," Kalunde aliita. "Mtani mwenzangu kalala kwenye kitanda chenu. Mkomboeni, jua linatuchoma."

Ndiyo desturi. Mtani akiingia kaburini hatoki bure. Wafiwa wanamwahidi kitu, yeye anakidharau, wanaongeza, anakidharau tena na kuwatukana babu zao, mwishowe anatoka na jogoo na watu wameshasahau kidogo kilichowaleta. Sechelela aliacha kidole pale pale juu ya kisanduku, hajafuta bado, akasogea ukingoni.

"Mihayo, mtumwa wangu, toka. Nakupa kuku."

Akangoja tusi, halafu akaongeza.

"Kuku wawili, na jogoo. Basi mbuzi, ee? Nyie wapagazi mbuzi mnaweza kumbeba kweli?"

Watu walicheka, wakangoja jibu. Mihayo alikuwa bingwa. Yeye na Ndahani waliosha vioo pamoja miaka yote, mmoja akishika ngazi, mwingine brashi, na toka asubuhi mpaka jioni hawakupumzika kutukanana. Mbuzi wa Mgogo angemtolea hadithi ya saa nzima.

"Sitaki kitu," Mihayo alisema.

Kicheko kikazidi. "Huyo kakasirika kweli," mtu mmoja alisema. "Anataka ng'ombe na shamba."

Sechelela hakucheka. Alikuwa anayarudia kichwani yote aliyoyasema Mihayo tangu ashuke mle. Mmechimba fupi. Nizikeni mimi. Linanitosha. Sitaki kitu. Hakukuwa na tusi hata moja. Hajamtaja babu ya mtu wala pua ya mtu. Toka wajuane hajawahi kumsikia mtani akiwa kazini, halafu asitukane.

Akatoa mkono chini ya khanga, akatazama. Jina: Mihayo Kasanda. Taa ilikuwa ya manjano, imeanza kukolea.

Akaishika khanga vizuri kiunoni, akakaa ukingoni mwa kaburi, akateremka.

Juu watu walipiga vigelegele. Mfiwa kumfuata mtani shimoni hawajapata kuona, wakadhani ni mtindo mpya.

*

Chini kulikuwa na baridi na harufu ya udongo mbichi. Mihayo alikuwa amelala chali, mikono kifuani, macho yanatazama kipande cha mbingu.

"Mtani," Sechelela alimnong'oneza. "Unatania?"

"Futa hiyo taa, mama."

"Nimekuuliza."

"Nimekisikia kisanduku kikitikisika toka nilipofungua mdomo. Nilikuwa nangoja uifute. Si mnafuta? Nimengoja msiba miezi, Sechelela. Mungu anisamehe, na aliyekufa ni huyu huyu rafiki yangu. Nyumbani siwezi kusema. Kazini siwezi kusema. Nina ile sauti ya kulidanganyia Sikio, unaijua, ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Mke wangu ananiuliza nimeamkaje, namtangazia. Nikaona nitasema hapa, mara moja, watu wacheke, basi."

"Useme nini?"

"Nimeshasema. Nizikeni."

Sechelela akakaa kwenye udongo karibu na miguu yake. Marehemu alishawahi kumwambia kwamba Mihayo siku hizi anapanda mnara hata siku isiyo ya kazi, anasimama tu kule juu. Alilisema kama kichekesho, na yeye alilicheka.

"Ukitoka hapa unakwenda wapi?"

"Unapajua."

"Mnarani."

Aliitikia kwa kichwa.

Taa ilikuwa rangi ya boga sasa. Bado kidogo tu. Kama angefuta, Sikio lingemwandika mzima, na lisingemsikiliza tena mpaka msimu ugeuke. Angetoka kaburini na mbuzi wake, watu wakampigia makofi, kesho asubuhi angepanda mnara. Kama asingefuta, Machela.

"Usiache nishonwe," Mihayo alisema, na safari hii alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Nakuomba kama mfiwa, si kama askari wa Sikio. Mimi nina kitu kimoja tu duniani ninachokiweza, nacho ni kuwachekesha Wagogo. Wakikinyoosha hicho, watakayemrudisha ni nani?"

Sechelela akainua uso. Mbeleje alikuwa amesogea, amesimama ukingoni na koleo lake, anawatazama kama mtu anavyotazama mvua dirishani.

"Kaka," alimwita. "Siku ile taa yako ilipowaka. Kama ningefuta."

"Ningekufa," Mbeleje alisema.

"Na sasa?"

Mbeleje alifikiri. Siku hizi alikuwa anafikiri kwa uangalifu kila anachoulizwa, hata akiulizwa chumvi iko wapi.

"Sijafa," alijibu.

Mihayo alilisikia, akafumba macho. Taa ikageuka nyekundu.

*

Kuna mambo mtu huyaamua, na mengine huyakuta yameshaamuliwa na kidole kilichochelewa. Sechelela baadaye hakuweza kusema lile lilikuwa lipi. Ila alijua Machela imesharuka, na kwamba juu ya vichwa vyao kuna watu mia na zaidi wanaocheka.

"Simama," alimwambia Mihayo.

"Niache."

"Simama, uwaambie. Uliyoniambia mimi waambie na wao. Wakishajua hutanii, Machela ikikuchukua angalau hawatakuwa wamekucheka. Simama, bwana."

Alimvuta. Mihayo akasimama, kichwa kikatokeza juu ya ukingo, kimejaa vumbi. Watu wakapiga kelele za furaha.

"Jamani," alisema. "Mimi nataka kufa."

Kicheko kilivuma mpaka kwenye mashamba ya vioo.

"Sitanii."

Wakacheka tena, wengine wakashikana mabega wasianguke. Mtani akisema hatanii, hapo ndipo utani wenyewe. Mihayo aligeuka akamtazama Sechelela, na uso ule Sechelela aliuelewa: unaona? Hata nikisema.

Sechelela akajishika ukingoni, akapanda juu ya bonge la udongo apate kuonekana. Aliwaambia kwa sauti ya kawaida, sauti ya mfiwa. "Mimi ndiye niliyefiwa. Mtani wenu hatanii. Taa yake nimeiacha, Machela iko njiani."

Kimya hakikuja mara moja. Waliokuwa mbele walinyamaza kwanza, wa nyuma wakaendelea kucheka mpaka wakajikuta wanacheka peke yao. Mtoto mmoja aliuliza kitu, mama yake akamziba mdomo. Kisha ukasikika upepo kwenye vioo, na vioo vikilia kidogo kidogo kwa joto.

Kalunde alivua kofia ya marehemu. Alichechemea hatua mbili, akakumbuka, akaacha kuchechemea.

"Mihayo, mpumbavu wewe," alisema taratibu. "Si ungeniambia. Mimi silali. Toka mwanangu afe silali. Nakaa jikoni na kisu mkononi, nakata vitunguu mpaka alfajiri ili watu wasiniulize machozi ya nini."

Kisanduku cha Sechelela kikatikisika.

"Mimi nasikia mtu ananiita," alisema mzee mmoja upande wa wafiwa, Mgogo, fundi wa pampu, na mke wake alimgeukia kama anamwona leo. "Ananiita kila jioni. Siitikii. Lakini ananiita."

Kikatikisika tena. Halafu mwanamke mwingine akasema, hakusema jambo kubwa, alisema tu kwamba amechoka, na pumzi iliyotoka na neno lile ikakitikisa kisanduku kuliko zote. Halafu mjane. Halafu wawili kwa pamoja. Hawakuwa wanapaza sauti. Walisema kwa sauti zao zenyewe, zile ambazo nyumba zao hazikuwa zimezisikia tangu Sikio litundikwe, na taa zikapangana mkononi mwa Sechelela, manjano juu ya manjano, zikaanza kukolea.

Alikuwa anaweza kufuta. Ilikuwa msiba, hakuna ambaye angemuuliza. Aliweka kidole, akakiondoa, akakiweka tena. Katika wote hawa Machela imchukue nani? Na nani akifutwa atarudi nyumbani kutangaza taarifa ya habari?

Akauvuta mkono nyuma ya mgongo wake, akaushika kwa mkono mwingine, akauacha hivyo.

*

Machela ilitokea upande wa reli, nyeupe, haina kelele. Ilifika juu ya kaburi, ikashusha mikono yake miwili, mikono ikasita. Ikapanda. Ikaenda juu ya Kalunde, ikashusha, ikasita. Ikamwendea fundi wa pampu, ikarudi kwa Mihayo, ikaenda kwa mjane. Watu walijikunyata, lakini hakuna aliyekimbia. Ikaanza kuzunguka juu ya umati, duara moja baada ya jingine, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kisanduku kikaita. Ilikuwa ni sauti ya mtu, si ya mashine.

"Dada Sechelela, mimi Daktari Kokugonza. Mtambo wako umeharibika?"

"Haujaharibika, daktari."

"Naona taa hapa siwezi kuzihesabu. Uko msibani, si ndiyo? Futa kama siku zote."

Kumbe na yeye anajua. Sechelela akakisogeza kisanduku mdomoni. "Leo hawatanii."

Nyuma ya daktari zilisikika sauti za watu wengi, kikohozi, mtoto analia. Ilikuwa baraza la Kituo, penye wagonjwa wanaongoja.

"Sikiliza," daktari alisema. "Machela inaniuliza imchukue nani. Ina kitanda kimoja. Nitajie jina moja."

Mihayo alikuwa kando yake, amejiegemeza kwenye ukuta wa kaburi. Alimsikia daktari. Hakusema mimi, wala hakusema si mimi.

"Siwezi kukutajia, daktari."

"Basi nikufanyie nini?"

"Njoo wewe."

Daktari alicheka kicheko kifupi, cha mtu aliyechoka. "Nina watu hapa mpaka nje ya geti. Mwenzangu anaumwa toka juzi. Nikija huko, hawa niwaachie nani?"

"Sijui," Sechelela alisema. "Hilo sijui. Lakini sisi hatujawahi kuuona uso wa daktari. Tangu litundikwe Sikio. Hata mmoja."

Kisha Machela ikaacha kuzunguka. Ikasimama angani kidogo, ikageuza pua na kurudi ilikotoka, tupu, na umati ukaisindikiza kwa macho mpaka ikamezwa na mng'aro wa vioo. Hakuna aliyejua kama wamesamehewa au wametupwa. Kisanduku kilikuwa kimya. Jeneza liko pale pale juu ya magogo, kivuli chake kimerefuka. Kalunde alikaa kitako ukingoni, akaning'iniza miguu kaburini, akampa Mihayo chupa ya maji, na Mihayo akanywa. Sechelela hakumwachia shati lake, alilishika kwa nyuma kama mtoto anavyoshika gauni la mama sokoni.

Machela iliporudi ilikuwa inaruka chini chini, imeelemewa. Juu ya kitanda alikuwa amekaa mwanamke mwembamba, kajifunga kilemba, kazishika kingo kwa mikono yote miwili kwa hofu, viatu vinataka kumdondoka. Ikamshusha karibu na jeneza. Alisimama akiyumba, akajikung'uta, akatoa pole kwa wafiwa kama inavyopasa, kwanza kwa mjane, halafu kwa Sechelela mle shimoni alimokuwa. Ndipo akautazama umati, akaonekana kuogopa kuliko alivyoogopa angani.

"Kituoni nimewafungia watu mlango," alisema. "Walikuwa wananililia. Kwa hiyo mtu asinipotezee muda kwa kuniambia hajambo." Akavuta gogo jingine lililolala kando, akakaa juu yake. "Nani aanze?"

Watu wote walimgeukia Mihayo. Taa yake ndiyo iliyowaka kwanza.

Mihayo alijifuta vumbi usoni kwa mkono. Alimtazama daktari, akamtazama Kalunde aliyekuwa bado ameshika kofia ya marehemu, na jeneza la rafiki yake.

"Anza na huyu mama," alisema, akimwelekezea Kalunde kidole. "Mimi nitangoja."